Kisu cha kwanza cha mfukoni: Opinel, Victorinox au Okapi? Na mbona makali hayadumu?

Miche_Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni kila siku. Kazi zake ni kumenya matunda, kukata kamba na viroba, kufungua maboksi, na mara mojamoja kukata vikonyo vya kupandikizia miche ya michungwa. Nipo Tanga mjini karibu na bahari, kwa hiyo kutu ni adui wa kila siku. Nimebaki na vitatu: Opinel namba 8, Victorinox ya kawaida, na Okapi.

Swali la pili ni kunoa. Kisu changu cha jikoni nakinoa kwenye lile jiwe la kijivu lenye pande mbili la duka la vifaa vya ujenzi. Nikimaliza kinanyoa nywele za mkono. Kesho yake kinaburuza ngozi ya nyanya badala ya kuikata. Nakosea wapi?

FundiMpini

Mkuu, karibu. Naanza na kuchagua, kunoa nawaachia wenye vinoo.

Kwa kazi ulizotaja kinachokata vizuri ni wembamba wa ubapa, jina la kampuni ni la baadaye. Opinel namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na unene wa mgongo usiofika milimita 2. Ndiyo maana inapita kwenye embe au boksi bila kupasua. Kisu kinene cha milimita 4 hata ukikinoa vipi, kwenye karoti kitafanya kazi ya kabari.

Opinel zipo za aina mbili na wauzaji wengi hawatofautishi, soma maandishi kwenye ubapa. CARBONE ni chuma cha kaboni: kinanoleka upesi, lakini kwa hewa ya Tanga kikilala na maji usiku mmoja asubuhi kina madoa ya kahawia. INOX ni kile kisichoshika kutu kirahisi. Kwako wewe chukua INOX bila kufikiri mara mbili.

Pete ya chuma shingoni ndiyo loki, wameiweka tangu 1955. Zungusha baada ya kufungua, kila mara. Vidole vinavyokatwa na Opinel ni vya watu walioiacha pete wazi halafu wakasukuma ncha ndani ya kitu.

Udhaifu wake pwani ni mpini. Ni wa mbao, ukinywa unyevu unavimba na kuubana ubapa hadi kucha inashindwa kuutoa. Usiuvute kwa koleo. Geuza pete iwe wazi, kisha gonga kitako cha mpini mezani kwa upande ule ambao ubapa unatokea: ubapa utachomoza kidogo, wa kushikika. Baadaye kianike kivulini siku mbili (juani mbao itapasuka), halafu paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mfereji (ule ufa wa mpini ambamo ubapa unalala) na kwenye kiungo.

Victorinox ya milimita 91 (huo ni urefu wa mpini kikiwa kimefungwa) haina tatizo la mpini, na chuma chake ni laini kidogo, kama 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Maana yake makali yanaisha mapema lakini yanarudi kwa dakika tano. Kwa anayejifunza kunoa hiyo ni sifa nzuri kabisa. Ila ubapa mkubwa hauna loki, unashikiliwa na springi ya mgongoni tu, kwa hiyo usiutumie kuchoma au kuchokonoa.

Okapi ina historia na bara letu: ilianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, leo inatengenezwa Afrika Kusini. Mwezi na nyota kwenye mpini, pete ya kuvuta mgongoni, na ule mlio wa tra-tra-tra ukifungua. Ni chuma cha kaboni, imara, bei nafuu. Lakini inakuja na makali ya kiwandani yasiyofaa, ubapa mara nyingi unacheza kidogo, na watu wengi mtaani wanaihesabu silaha. Ukiitoa sokoni kumenya chungwa utaangaliwa vibaya. Kwa kisu cha kwanza mimi siipendekezi.

Dukani fanya hivi kabla ya kulipa: kifungue, shika mpini, tikisa ncha kushoto na kulia. Ikicheza, kirudishe. Kifunge, angalia kama ubapa unakaa katikati ya mfereji bila kugusa ukuta. Kifungue tena, funga loki, bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza ya mbao, vidole vikiwa mbali na mfereji. Ikiachia, achana nacho.

Kwa vikonyo: kisu chembamba kitafaa, ila futa ubapa kwa spiriti kutoka mche mmoja kwenda mwingine, usije ukahamisha ugonjwa shamba zima.

Kinoo_na_Maji

Nakuja kwenye makali. Mkuu Miche, dalili uliyoitaja, kunyoa leo na kuburuza kesho, ina sababu moja karibu kila mara: umeacha unyuzi juu ya makali.

Ukisugua upande mmoja, chuma cha ukingoni kabisa kinakuwa chembamba mno, kinashindwa kujishikilia na kujikunja upande wa pili. Hapo kunakuwa na kama uzi wa chuma usioonekana. Uzi huo ni mkali, ndiyo maana unanyoa. Lakini ni dhaifu: ukikata nyanya tatu unalala au unakatika, na chini yake unakuta ukingo butu.

Kwa hiyo kunoa ni kazi mbili. Ya kwanza, kuuzalisha unyuzi huo urefu mzima wa kisu, maana ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Ya pili, kuuondoa wote. Wengi wanafanya ya kwanza nusu, na ya pili hawaifanyi kabisa.

Jiwe lako la kijivu ni la chembe kubwa. Linafaa panga au pengo kwenye ubapa. Tafuta kinoo chenye upande wa 400 na upande wa 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo). Kikiwa cha maji kiloweke dakika 10 hadi 15, mpaka viputo viishe. Kama jiwe lilishapakwa mafuta, maji hayaingii tena, endelea na mafuta.

Pembe: pima upana wa ubapa kutoka mgongo hadi makali, gawa kwa tatu. Hicho ndicho kimo cha kuinua mgongo juu ya jiwe. Upana wa milimita 18, inua 6. Inakupa nyuzi 19 na kidogo kila upande, salama kwa kamba na maboksi. Ukigawa kwa nne unapata nyuzi 14 na nusu: kali zaidi kwenye matunda, lakini ukigusa msumari ukingo unavunjika.

Sasa paka wino wa maka kwenye mteremko wa makali, pande zote mbili. Anza na 400. Sukuma makali yakitangulia, kana kwamba unataka kuchuna ngozi nyembamba ya jiwe, kutoka kisiginoni (karibu na mpini) hadi nchani. Mgandamizo kama wa nusu kilo. Bonyeza mizani ya jikoni uone nusu kilo ikoje. Baada ya mara tano angalia wino. Umefutika juu karibu na mgongo tu? Umelaza sana. Umefutika ukingoni tu? Umeinua sana. Umebaki sentimita moja ya nchani? Hukuinua mpini. Ukifika pale ubapa unapojipinda kuelekea nchani, inua kiwiko pole pole, la sivyo ncha haigusi jiwe kamwe.

Baki upande huohuo. Usigeuze kila mara moja. Endelea hadi unyuzi uhisike upande wa pili: pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa urefu wa makali. Utasikia kitu kinakwaruza kama ukingo wa kopo lililokatwa. Lazima kiwepo kisiginoni, katikati na nchani. Kisu butu kinaweza kudai mipigo 40, kingine 15; hesabu haina maana, unyuzi ndio unaosema tayari. Kisha geuza, fanya hivyohivyo.

Hamia 1000, mgandamizo nusu ya ule wa mwanzo. Mipigo 10 upande mmoja, 10 mwingine, halafu 5 kwa 5, halafu moja kwa moja, mara 10, kwa uzito wa kisu chenyewe tu. Hapa ndipo unyuzi unapokufa. Mwisho kiburute mara 10 kila upande juu ya mkanda wa ngozi uliobandikwa kwenye ubao, makali yakifuata nyuma, bila kubonyeza. Ukibonyeza ngozi inabonyea na kuzungusha ukingo.

Kuhakikisha: simama chini ya taa, elekeza makali juu yakukabili. Makali mazima hayaonekani. Ukiona mstari au nukta nyeupe inayong'aa, hapo ni butu au unyuzi umebaki. Hiki kipimo nakiamini kuliko nywele za mkono.

Miche_Tanga

Asante sana wakuu. Kinoo cha 1000 hapa sijakipata, ila duka la rangi za magari lina msasa wa maji 400, 1000 na 2000. Nikifuata namba hizohizo nitaharibu?

Bapa_Nyoofu

Hutaharibu, ila namba hazilingani. Msasa wenye herufi P nyuma ya karatasi unafuata kipimo cha Ulaya, vinoo vingi vya maji vinafuata cha Japani. P2000 ina chembe za mikroni 10 hivi, ambayo ni karibu na kinoo cha 1000 au 1200. Kwa hiyo P2000 ndiyo iwe hatua yako ya mwisho, na P1000 ni ya katikati. P400 iache kwa kisu chenye mapengo, inakula chuma haraka mno.

Weka karatasi juu ya kioo kinene au kigae laini, ikiwa imelowa ili ishike. Na hapa natofautiana na Kinoo_na_Maji: kwenye msasa usisukume makali mbele, yatachana karatasi. Vuta nyuma, makali yakifuata. Ubaya wa kuvuta ni kwamba unyuzi unazidi kukua, kwa hiyo kuuondoa kunadai uangalifu zaidi. Chukua kikombe cha kauri, kigeuze juu chini: ile duara ya kitako isiyo na mng'aro ni kinoo kizuri cha kumalizia. Ilowanishe, pitisha makali yakitangulia, mara 5 kila upande, wepesi kama unafuta vumbi. Utaona alama za kijivu kwenye kauri. Hicho ni chuma kinatoka.

Atakayepata kinoo asisahau kukisawazisha. Kinaliwa katikati, na jiwe lenye bonde haliwezi kutunza pembe. Chora mistari ya penseli juu yake, kisugue kwenye msasa wa 120 juu ya kigae hadi mistari yote ifutike.

FundiMpini

Naongeza moja: usimpelekee mwenye mashine ya kusagia kavu kisu chembamba kama Opinel. Ukingo mwembamba hauna pa kupelekea joto. Chuma kikipita nyuzi 200 hivi kinaanza kulegea. Ukiona rangi ya manjano kama majani makavu, tayari kimeguswa, na bluu ni takriban nyuzi 300, hapo ugumu umekwenda na haurudi kwa kunoa. Itabidi kusaga sehemu yote ya bluu iishe. Mnoaji wa baiskeli anayemwagia jiwe maji na kupitisha mara chache ni afadhali, mradi asibonyeze.

Leicester_Mswahili

Kwa mnaosoma mkiwa Uingereza: sheria ya 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani milimita 76. Mahakama zimeshaamua kwamba kisu chenye loki hakihesabiwi humo. Opinel namba 8 inaanguka mara mbili, kwa urefu na kwa pete. Ukiibeba uwe na sababu ya msingi, kwa mfano kazi. Victorinox ya milimita 91 isiyo na loki inapita, maana 91 ni urefu wa mpini, si wa makali. Na popote mtakapopanda ndege, kisu kiwe kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi.

Miche_Tanga

Nimeelewa. La mwisho: nikiamua CARBONE kwa sababu duka lina hiyo tu, niipake mafuta gani ambayo hayatadhuru nikimenya tunda?

Kinoo_na_Maji

Mafuta ya nazi, tone moja, pakaza kwa kitambaa hadi uone kama umeyafuta. Ya alizeti yakikaa yanaganda na kunata kwenye kiungo, ya nazi hayafanyi hivyo. Kwenye baridi ya Lushoto yatakuwa mgando, yapashe kiganjani kwanza. Parafini ya maji ya duka la dawa nayo inafaa. Ya cherehani usiyatumie kwenye kisu cha chakula.

Ukikata ndimu au embe ubapa utageuka kijivu, kisha bluu iliyofifia. Usiisugue hiyo, ni tabaka linalopunguza kutu. Kinachotakiwa kuondolewa ni chekundu au kahawia: sugua kwa majivu laini na tone la mafuta, suuza, kausha, paka tena. Kausha na ndani ya mfereji pia, kwa pembe ya kitambaa, maana kutu ya Opinel inaanzia pale kwenye kiungo ambapo jicho halifiki.