Naomba ushauri: binti yetu bado anaogopa upepo tangu vimbunga vya 2024
Ndugu zangu, tunaishi kando ya Ghuba ya Tampa, Florida, ambako mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene kilisukuma maji ya bahari hadi sebuleni mwetu, na kabla hatujamaliza kutoa magodoro yaliyolowa, tarehe 9 Oktoba kikaja Milton, tukalazimika kuhama. Nyumba imekwisha kukarabatiwa. Binti yetu, hata hivyo, kila upepo unapovuma hukusanya viatu na vitabu vyake mlangoni, na msimu wa vimbunga, kuanzia Juni hadi Novemba, ni mrefu mno kwa mtoto kuishi na hofu. Mliopitia hali hii, je, tumshirikishe katika maandalizi ya dharura, jambo ninaloliona bora, au tumwepushe na taarifa za hali ya hewa?