Naomba ushauri: Gavana wa Michigan aliyesema Afrika ni ya Waafrika, nianzie wapi kumsimulia?

SautiYaMrima: Habari za jioni wakuu. Naandaa kipindi cha redio cha dakika kumi kuhusu G. Mennen Williams, gavana wa Michigan, jimbo la Marekani, tangu 1949 hadi mwisho wa 1960. Mhariri anataka niongelee Nairobi tu. Februari 1961 Kenya ilikuwa kwenye uchaguzi, Kenyatta bado kizuizini, na Williams, ndiyo kwanza amekabidhiwa na Rais Kennedy masuala ya Afrika, akatamka hapo mjini kwamba Afrika ni ya Waafrika. Walowezi walikuja juu. Kennedy alipoulizwa, akajibu kwamba haoni ingekuwa ya nani mwingine.

Mimi naona kauli ile haieleweki bila miaka yake ya ugavana. Alizaliwa kwenye utajiri. Ukoo wa mama yake ndio wa sabuni za Mennen, ndiyo maana wakamwita Soapy. Lakini waliombeba ni vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya magari na wapiga kura weusi wa Detroit, na 1955 Michigan ikapata sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye ajira akiwa gavana. Alishinda mara sita mfululizo, kila muhula miaka miwili. Mwaka 1950 alipenya kwa kura 1,154 tu! Yote hayaingii kwenye dakika kumi. Nikate nini?

Nahodha_Mtongwe: Chochote ila daraja la Mackinac. Lilifunguliwa Novemba 1957, kilomita 8 hivi, likaunganisha rasi mbili za jimbo. Kabla ya hapo ilikuwa feri, na msimu wa kuwinda paa foleni ya magari ilikuwa haina mwisho. Msikilizaji wa Likoni, anayejua foleni ya feri, utamkamata papo hapo.

BintiMaktaba: Kaka, usimpambe. Mei 1959 serikali ya Michigan ilikosa fedha za mishahara. Yeye alitaka kodi ya mapato, Warepublican wenye wingi kwenye Seneti ya jimbo wakakataa, kila upande ukakaza kamba. Lawama kubwa naiweka kwa Seneti, ila gavana wa miaka kumi naye alipaswa kuliona mapema. Aibu ile ilimharibia ndoto za urais wa 1960. Usipoitaja, msikilizaji hatajua kwa nini mwanasiasa mkubwa hivyo aliishia dawati la Afrika.

SautiYaMrima: Kwa hiyo dada, unaona alipewa Afrika kama kifuta jasho?

BintiMaktaba: Wapo waliosema hivyo, mimi sikubali moja kwa moja. Kennedy alimtangaza Desemba 1960 kabla hata hajamtaja Waziri wa Mambo ya Nje. Naye Williams aliifanya kazi ile hadi 1966, akizunguka nchi moja baada ya nyingine. Aliyepewa kifuta jasho hasafiri hivyo.

Mwl_Ngamiani: Naongeza moja. Baada ya Nairobi alifafanua kwamba Waafrika aliowakusudia ni wote wanaoishi Afrika, wa rangi yoyote. Ufafanuzi huo usiukate hata kama unapunguza makali ya kauli, maana bila huo utamlisha maneno. Na Agosti mwaka uleule, uwanja wa ndege wa Lusaka, mzungu mmoja alimpiga ngumi ya uso.

Nahodha_Mtongwe: Na alivyomalizia? Watu watauliza.

Mwl_Ngamiani: Sentensi mbili zinatosha. Alishindwa useneta 1966, akawa balozi Ufilipino. Kisha Mahakama ya Juu ya Michigan kuanzia 1971, akiwa Jaji Mkuu 1983 hadi 1986, na akafariki 1988.

SautiYaMrima: Nawashukuru sana. Nimeshaamua: naanza na mishahara ya 1959, narudi nyuma kwa Detroit na daraja, dakika nne nzima naziacha kwa Nairobi. Mhariri nitaongea naye kesho asubuhi.

BintiMaktaba: Hapo sawa. Ila ngumi ya Lusaka isizidi nusu dakika, la sivyo watakumbuka hiyo tu.