Singapore au Tokyo, tukiwa na binti wa miaka 14 na mume atakayeacha kazi?

MamaWawili:
Salaam kwenu nyote. Mwajiri wangu amenipa nafasi ya kuhamia Asia kwa mkataba wa miaka mitatu, tena ameniachia nichague mwenyewe kati ya ofisi ya Singapore na ile ya Tokyo. Mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati mwenye shahada, na ndiye atakayelazimika kuacha kazi ili tusitengane. Tuna watoto wawili: binti atakayekuwa ametimiza miaka 14 tutakapoondoka, na mvulana wa miaka sita ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Binti husoma kwa Kiingereza bila shida, lakini hakuna hata mmoja wetu anayejua Kijapani.

Mshahara niliotajiwa unatosha kuishi vizuri katika miji yote miwili, kwa hiyo sitaki tulinganishe mishahara. Ninachotafuta ni yale mambo ambayo mtu huyagundua akiwa ameshasaini na ameshauza fanicha zake. Mwajiri atalipa tiketi na nyumba ya mwezi wa kwanza. Kuhusu shule, barua yake inasema tu kwamba "msaada utazingatiwa". Kwa familia ya namna yetu, ni mji upi unaofaa zaidi?

MkaziWaSingapore:
Dada, nianze na hayo maneno ya "msaada utazingatiwa", kwa sababu ndiyo yaliyonigharimu mimi. Yahesabu kuwa ni sifuri mpaka uone kiasi kimeandikwa kwa tarakimu. Katika shule za kimataifa za hapa, karo inayozidi dola 30,000 za Singapore kwa mwaka kwa mtoto mmoja ni jambo la kawaida, na juu yake kuna ada ya maombi, ada ya usajili, sare na basi. Nilipoketi na karatasi na kalamu kujumlisha karo ya watoto wangu wawili na pango, mshahara niliokuwa nikijivunia ulibaki kidogo sana.

Shule za serikali zipo na ni nzuri, lakini mtoto wa mgeni hufikiriwa baada ya raia na wakazi wa kudumu. Kwa umri wa binti yako, njia ni mtihani wa AEIS, ambao kwa kawaida hufanyika kati ya Septemba na Oktoba na hupima Kiingereza na hisabati. Kufaulu hakumhakikishii nafasi, na hata akiipata, shule anayopangiwa hutegemea palipo na nafasi, si mtaa mliokwisha kupanga nyumba. Kwa hiyo msisaini mkataba wa nyumba wa miaka miwili kabla ya kujua shule. Sisi tulifanya kinyume, na kwa mwaka mzima binti yangu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri.

Kuhusu vibali, ukiwa na Employment Pass (kibali cha kazi cha wataalamu wa kigeni) na mshahara wako usiobadilika ukafika dola 6,000 za Singapore kwa mwezi, unaweza kuwaombea mume na watoto wenye umri chini ya miaka 21 vibali vya wategemezi. Kwa huyo mdogo, tafuta mapema uthibitisho wa chanjo za surua na dondakoo, kwa maana kwa watoto wa umri huo hudaiwa kabla ya kibali.

Jambo la mwisho ni bima. Sheria haimlazimishi mwajiri kumkatia bima ya matibabu mfanyakazi mwenye kibali cha aina yako, sembuse familia yake, na bima ya taifa ni ya raia na wakazi wa kudumu peke yao. Omba upewe hati ya bima yenyewe uisome, usiridhike na maelezo ya mdomo.

MumeAliyefuata:
Mimi nilikuwa mahali pa mume wako katika kisa kama hiki. Mke wangu alihamishiwa Singapore, nami nikamfuata nikiwa na kibali cha mtegemezi na matumaini mengi. Tangu tarehe 1 Mei 2021, mtegemezi anayetaka kuajiriwa hapa sharti apate kibali chake cha kazi. Ile barua ya ruhusa iliyokuwa ikitolewa kwa urahisi zamani haipo tena kwa ajira za kawaida. Maana yake ni kwamba shule itakayomtaka mume wako haitamwajiri tu, bali itamwombea kibali kizima, na kwa maombi mapya ya Employment Pass kiwango cha chini cha mshahara tangu Januari 2025 ni dola 5,600, nacho hupanda kadiri umri wa mwombaji unavyopanda. Mwalimu wa hisabati ana nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, hasa katika shule binafsi na za kimataifa, ila aanze kutuma maombi akiwa bado yuko kazini huko aliko. Mwajiri humtazama kwa jicho jingine mtu ambaye bado ana kazi.

Pesa haikuniumiza kama nilivyotarajia. Kilichoniumiza ni zile fomu zenye nafasi ya kuandika "kazi" na "mwajiri". Nilizijaza benki, nikazijaza kwa daktari wa meno, nikazijaza shuleni, na kila mara kalamu ilikuwa ikisita mahali palepale. Mke wangu alirudi jioni amechoka na watu, nami nilikuwa sijazungumza na mtu mzima tangu asubuhi. Ilituchukua miezi kadhaa kutambua kwamba ugomvi wetu haukuwa juu ya vyombo visivyooshwa. Zungumzeni sasa, na mwulize mume wako swali hili bila kulizunguka: ikiwa hatapata kazi kwa mwaka wa kwanza wote, je, bado angependa kuja?

BabaWaSaitama:
Naishi Saitama na kufanya kazi Tokyo, kwa hiyo niseme upande wa Japani. Kwa mvulana wako nisingesita. Shule ya msingi ya umma haina karo wala haidai malipo ya vitabu vya kiada, na hupokea watoto wa wageni waliosajiliwa katika manispaa; mtoto wa miaka sita hujifunza lugha uwanjani haraka kuliko wazazi wake darasani. Kazi huwa kwa mzazi. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Aprili, tulipewa mkebe wa vifaa vya hesabu vya darasa la kwanza, wenye vijiti vya kuhesabia na sarafu za plastiki, tukaelezwa kwamba kila kijiti na kila sarafu sharti kiwe na jina la mtoto. Tulikaa mezani mpaka usiku wa manane tukibandika vijina vyembamba kama ukucha.

Kwa binti, hata hivyo, ningesita sana. Hapa mtoto hupangwa darasa kwa umri, kwa hiyo ataingia mwaka wa pili au wa tatu wa sekondari ya chini kulingana na tarehe yake ya kuzaliwa. Elimu ya lazima huishia hapo, na sekondari ya juu huingiwa kwa mtihani wa Kijapani. Baadhi ya mikoa hutenga nafasi maalumu kwa watoto wa wageni, lakini hata hizo humtaka mtoto awe ameijua lugha kiasi, naye atakuwa na mwaka mmoja, labda miwili. Njia nyingine ni shule ya kimataifa, ambayo Tokyo hupita yeni milioni mbili kwa mwaka.

Mume wako atapata nafuu kidogo kuliko Singapore, maana mtegemezi anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki, na shule ikimtaka kwa muda wote anaweza kuomba kubadilishiwa hadhi ya ukaazi. Bima ya afya ya mwajiri huwaingiza mwenza na watoto bila mchango wa ziada, nanyi hulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu, na kwa watoto manispaa nyingi hubeba sehemu kubwa ya hiyo. Nyumba ndiyo kero: amana, malipo kwa kampuni ya udhamini, na mara nyingi reikin, yaani fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi. Ulizieni nyumba za shirika la UR, ambazo hazidai reikin wala mdhamini.

MamaWawili:
Nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu majibu yote, na lile swali la MumeAliyefuata hakulijibu mpaka kesho yake asubuhi. Amesema angekuja, ila si bila kutuma maombi kwanza, na ameanza jana. Kwa ajili ya binti tunaelekea Singapore, mradi karo iandikwe kwenye mkataba. Nina swali moja lililobaki: itakuwaje nikiachishwa kazi kabla ya miaka mitatu kwisha?

MkaziWaSingapore:
Kibali chako kikifutwa, vya wategemezi hufutwa pamoja nacho, na kwa kawaida mnapewa siku 30 za kukaa kama wageni. Katika siku hizo utatafuta kazi nyingine, au mtafungasha mizigo na kumtoa binti shuleni katikati ya muhula. Kwa sababu hiyo, omba vitu viwili viingie kwenye mkataba wa kazi: notisi ya miezi mitatu, na tiketi za kurudi za watu wote wanne zilipwe na mwajiri hata kama ni yeye aliyekuachisha. Kwenye mkataba wa nyumba, mwambie dalali aweke kifungu cha kuvunja mkataba iwapo utapoteza kazi au kuhamishwa nje ya Singapore. Wenye nyumba wengi hukikubali, lakini kwa kawaida huanza kutumika baada ya miezi 12, na notisi yake ni ya miezi miwili. Kwa hiyo wekeni akiba ya kuvuka mwaka wa kwanza.