Kipindi cha mjadala redioni: simu haziingii, mgeni anajibu "ndiyo" basi

Mleta mada: Wakuu, hii ni wiki ya tatu, redio ya wilayani, saa 3 hadi saa 4 asubuhi, mitambo naendesha mwenyewe. Mada ya jana ilikuwa "Changamoto za vijana": simu mbili tu, na zote zilikuja na mwangwi hadi mlio. Nisaidieni.

Fundi Mitambo: Mpigaji ameacha redio yake juu. Kabla hujamrusha hewani mwambie aizime, asikilize kwenye simu tu. Mwangwi ukibaki, basi sauti mnayomrudishia ina sauti yake mwenyewe ndani. Fundi aitoe, mpigaji asikie studio pekee. Wewe vaa hedifoni, na spika za studio zizimwe maiki ikiwa wazi. Maiki ikae sentimita 10 hadi 15, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" inapasuka. Na simu yako isikae juu ya mikisa (meza ya kuchanganya sauti), ule mlio wa trrr-trrr unatoka hapo.

Mzalishaji: Mwangwi ni jambo dogo, mkuu. Mada yako haina mlango. "Ushuru wa bodaboda stendi unamfaidi nani?" Hapo aliye kijiweni ana jibu tayari. Anza na mgeni kama dakika 12, soma SMS tatu, ndipo ufungue simu. Wengi hawana vocha, kwa hiyo wabipu, mwenzako awapigie akiwa nje ya studio. Awaulize jina, wanakotoka na watakachosema. Hicho ndicho kichujio chenu kama hamna mtambo wa kuchelewesha sauti. Mtu akianza kumtaja fulani kuwa mwizi, shusha fada (kitelezi cha sauti yake kwenye mikisa) papo hapo, sema mhusika hayupo kujibu, songa mbele. Usicheke!

Kwa mgeni, "Je, mbolea imepanda?" inazaa "ndiyo". Uliza: "Mfuko mmoja mkulima ananunua shilingi ngapi, na msimu uliopita alinunua ngapi?" Akijibu kwa mkato sema "kwa mfano?", halafu nyamaza sekunde tatu. Watangazaji wapya huogopa kimya, wanajijibia maswali yao wenyewe.

Mleta mada: Shukrani. Na hili la kituo kuniambia "jitolee kwanza", bila posho?

Mzalishaji: Omba karatasi yenye sahihi: miezi mingapi, nauli kiasi gani kwa siku, na asilimia yako kwa kila tangazo utakalolileta. Hiyo asilimia usiiache kwa mdomo, ndiyo hugombanisha watu.