Kambi za mahema ya kifahari Okavango mwezi Julai: tuchague vipi, tubebe nini?

Bahari_Kuu
Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tunapanga kwenda Botswana Julai mwakani, usiku sita kwenye kambi za mahema ndani ya delta ya Okavango. Tunatoka Mombasa, tutapitia Nairobi na Johannesburg. Tutakuwa na mtoto wa miaka tisa. Serengeti na Mara tunazijua, kinachotuvuta huko ni maji na mitumbwi. Wakala ametupa orodha ya kambi nane, zote zina picha nzuri za vitanda na mabafu, lakini bei zinapishana mno na hatujui tofauti iko wapi. Tena anasema masanduku ya magurudumu hayapandi ndege. Ni kweli?

Pondo
Karibu mkuu. Picha za vitanda ziache kwanza. Kwa kila kambi muulize wakala: ipo ndani ya Hifadhi ya Moremi au kwenye kitalu binafsi, yaani eneo la pori lililokodishwa kwa kampuni, na Julai pale huwa pana maji kiasi gani?

Maji ya delta hayatokani na mvua ya Botswana. Mvua hunyesha nyanda za juu za Angola, kwa wingi kati ya Desemba na Machi, kisha maji husafiri polepole kwenye ardhi tambarare mno na kufika upande wa Maun, mji ulio kwenye lango la delta, kuanzia Juni hivi, kiangazi kikiwa kimekolea. Ndiyo maana Julai mnakuta maji tele bila tone la mvua. Lakini mwaka na mwaka si sawa. Mwaka 2019 mafuriko yalikuwa hafifu sana, na mwaka wa namna hiyo kambi za pembezoni hukosa mtumbwi kabisa. Chukueni iliyo karibu na mifereji ya kudumu.

Kambi ya maji matupu nayo ina upungufu wake: njia za magari ni chache, simba mnaweza msiwaone. Gaweni usiku tatu majini, tatu nchi kavu upande wa Khwai au Savuti, kwenye simba, chui na mbwa mwitu.

Bei ndiyo inaingia hapa. Ndani ya Moremi gari haliruhusiwi kuacha barabara, na jua likizama lazima liwe limerudi. Kwenye kitalu binafsi mwongozaji anaweza kumfuata chui vichakani, kuzunguka na taa usiku, na kuwatembeza kwa miguu. Vitanda ni vichache kwa sababu Botswana imechagua watalii wachache wanaolipa zaidi. Msimu huo kambi za juu huvuka dola 1,000 kwa mtu kwa usiku, chakula, vinywaji vya kawaida na matembezi vikiwa ndani.

Sasa la mtoto, na hili lisipuuzwe. Kambi nyingi hazipandishi mtumbwini mtoto chini ya miaka 12, matembezi ya miguu vivyo hivyo, na nyingine hulazimisha familia kukodi gari lake peke yake. Mtumbwi unakaa chini sana, umepita maji kwa shibri tu, na mwendesha mtumbwi anasimama nyuma akisukuma kwa pondo kwenye maji mafupi ili kukwepa viboko wa mferejini. Pata jibu la maandishi kabla ya kulipa arubuni, la sivyo mtoto atabaki kambini wakati nyinyi mko majini.

Kilo_Ishirini
Ni kweli kuhusu masanduku. Kutoka Maun mnapanda ndege ndogo, mara nyingi Cessna Caravan, na mizigo huingia kwenye sanduku lililo chini ya tumbo lake, mlango wake mdogo. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu. Kikomo cha kawaida ni kilo 20 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi na kamera. Likizidi, kiti cha ziada hulipiwa mapema, siyo uwanjani. Anayezidi kilo 100 aseme wakati wa kuhifadhi nafasi, maana rubani hupanga uzito wa viti.

Kilo 20 zinatosha kabisa. Kambi nyingi zinafua nguo kila siku, bure, ila baadhi hazipokei chupi. Jozi tatu za nguo kwa kila mmoja.

Kosa la kawaida ni kuunganisha safari zote siku moja. Viwanja vya kambi ni vya vumbi, havina taa, ndege hizo haziruki giza likiingia. Ndege ya Johannesburg ikichelewa, mnalala Maun kwa gharama yenu na usiku wa kambi haurudishwi. Laleni Johannesburg kwanza.

Mama_Turubai
Naongezea. Mkitokea Kenya bebeni kadi ya homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Ya mtoto iwemo, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Malaria ipo kaskazini mwa Botswana, daktari awaandikie kinga.

Baridi msiidharau, watu wa pwani hasa. Alfajiri ya Julai inaweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake, na gari ni la wazi. Koti zito, kofia ya sufu, glavu. Nguo za madoa ya jeshi acheni nyumbani, kule haziruhusiwi kwa raia.

Bahari_Kuu
Asanteni sana. Hema lenyewe je, usiku ni salama kwa mtoto?

Mama_Turubai
Salama mkifuata taratibu. Kambi nyingi hazina uzio, tembo na viboko hupita katikati ya mahema. Giza likiingia hamtoki bila msindikizaji, hata hatua kumi. Zipu zifungwe mpaka mwisho, mchana pia, kwa sababu nyani anajua kupenyeza kidole kwenye upenyo. Chakula chochote, hata biskuti za mtoto, kipelekeni jikoni. Ombeni hema la familia lenye vyumba viwili chini ya paa moja, maana kambi nyingine humweka mtoto hema la pembeni, na usiku hamtaweza kumfuata.