Mwalimu tuliyemwita Nukta, kuna anayejua aliko?

Mluanda_Nakuru

Habari zenu wote. Niko Nakuru lakini swali langu ni la kule nyumbani, ile shule ya bweni ya Kikatoliki upande wa Yala, reli ya Butere inapita chini na mvua ikizidi unasikia mto ukiwa darasani. Mliosoma pale mnajijua. Mimi niliingia fomu wani 1997, mwaka wa El Niño, tukamaliza 2000.

Juzi tulikuwa tunabadilisha mabati ya nyumba ya mama, vitu vyote vikatolewa nje, na lile sanduku langu la chuma la shule likatoka, kufuli ingali juu na ufunguo ulipotea zamani. Tukaikata. Ndani kulikuwa na shuka moja, rozari ya plastiki ya buluu na daftari la insha la fomu ya pili, kava ya khaki, panya hajaligusa. Nikakaa kwa tofali nikaanza kusoma na sikuinuka mpaka mama akaniuliza kama niko sawa.

Kila ukurasa una viduara vya wino mwekundu na ndani ya viduara hakuna kitu. Ni mahali nukta ingekuwa na mimi sikuiweka. Ndiyo maana shule nzima ilimwita Nukta, mpaka wapishi. Mrefu, mwembamba, sweta ya kijani, chaki nyuma ya sikio vile seremala huweka penseli.

Kuna siku alichukua insha yangu, nilikuwa nimeandika juu ya mazishi ya babu, akasema ataisoma vile nilivyoiandika. Akavuta pumzi akaanza. Sasa mimi ukurasa mzima sikuwa nimeweka nukta hata moja na yeye hakupumua, akasoma akasoma, sauti ikaanza kukwaruza, mishipa ya shingo ikasimama, akafika pale jeneza linashushwa akaishiwa kabisa akashika meza. Darasa kimya, sisi zaidi ya arobaini. Hakucheka. Akaniangalia akasema polepole, kijana, hii insha ni nzuri lakini nipe mahali pa kupumua, hata waliofiwa hupumua. Akaniambia nimwone baada ya prepsi, yale masomo ya usiku, tukakaa ofisi ya walimu mpaka kengele ya kulala tukiitafutia ile insha nukta zake moja moja. Ya mwisho aligeuka akaangalia dirishani akaniachia niiweke mwenyewe.

Naomba mwenye habari zake aniambie. Yuko hai? Yuko wapi? Nataka nimpelekee hili daftari.

Na pia kuna deskimeti wangu tuliyemwita Karabai, wa darasa la 2000 mnakumbuka. Ule mwaka stima ilikuwa ya mgao, ukame ulikausha mabwawa, na yeye ndiye aliyekuwa anatuwashia karabai za prepsi. Mimi na yeye sukari yetu ilikuwa kwa mkebe mmoja miaka minne. Nilipoteza simu Januari 2008 tukihama hapa Nakuru usiku na namba yake ikapotea nayo.

Mama_Pacha_Ksm

Aki umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa kwa masista, si mbali na nyinyi, na Nukta namjua! Alikuwa anawaleta kwetu siku za YCS, kile chama cha wanafunzi Wakristo, na mdahalo wa Kiswahili, wavulana wote mmejipaka mafuta mpaka shingo inang'aa, na yeye anakaa nyuma kabisa na kidaftari. Niliwahi kusema "nilikuwa nimeenda kwendaga" mbele ya watu na nikajua leo nimekwisha. Baadaye akanifuata tu akaniambia hiyo kwendaga umeitoa nyumbani, ni tamu, iache nyumbani. Basi. Hajanitia aibu.

Sisi wetu alikuwa Sista wa Bayolojia. Mnajua vile matroni walikuwa wanaingia domu na makelele, amka amka. Yeye alikuwa anapita saa tano za usiku na tochi, na ile tochi anaifunika na kiganja mpaka mwanga unatoka mwekundu katikati ya vidole, asituamshe. Mimi nilikuwa mono, mgeni wa fomu wani, nalia usiku, kwa hivyo nilikuwa namwona. Akifika kitandani kwangu anasimama tu. Haongei. Anangoja mpaka nitulie ndio aende. Nilifikiri ni mimi peke yangu, kumbe tulipokutana kwa harusi ya mwenzetu tukiwa watu wazima tukaanza kuhesabu, tulikuwa sita hivi na kila mmoja alijua Sista alikuwa anasimama kwake. Sijui alikuwa analala saa ngapi, na saa kumi na moja na nusu yuko kanisani kabla ya kengele.

Alikufa. Tulimwimbia Kilatini chote alichotufundisha, na tulikuwa bado tunakikumbuka. Ndugu usichelewe na hilo daftari.

Box_47

Omera ni wewe! Mimi nilikuwa bweni lile la karibu na groto, tulilala kitanda cha juu na chini muhula mmoja.

Wacha niongeze kitu watu wa darasa letu wanasahau. Ile miaka fimbo ilikuwa kawaida, marufuku ilikuja 2001 sisi tumeshatoka, na kuna walimu ambao nikisikia viatu vyao hata leo naweza kushtuka. Nukta sikumbuki akishika fimbo. Adhabu yake ilikuwa unaenda kumsikiliza mzee wa bustani robo saa, unarudi unaandika alichosema na vile alivyokisema. Nilienda mara tatu. Nilijua habari za yule mzee kuliko za babu yangu.

Na mgomo wa 1998 unakumbuka? Walimu wametoka, sisi tunangoja kutumwa nyumbani, madarasa yamebaki hivyo. Jioni Nukta akaja akakaa kwa nyasi chini ya mwembe na kitabu chake. Mtu akamuuliza mwalimu si mko kwa mgomo? Akasema darasani siingii, wenzangu wako nje na mimi niko nao, lakini hakuna aliyenikataza kukaa kwa nyasi. Tukaanza kwenda mmoja mmoja, tukakaa. Siku ya pili ule mwembe ulikuwa umejaa hata watu wa fomu foo. Mimi nafundisha siku hizi, Kakamega, na nikiwa kwa mgomo huwa namkumbuka sana, vile alishika yote mawili na hakuangusha moja.

Nilisikia alistaafu akarudi kwao ila kwao sikujui.

fundi_kibuye

Karabai ni mimi.

Ndugu yangu nimesoma hii nikiwa kazini hapa Kibuye nikazima mashine ya kuchomelea. Niko mzima, watoto wanne.

Kuna kitu sijawahi kukwambia hata wewe. 2000, muhula wa pili, yalisomwa majina ya karo kwa paredi na langu likiwemo, nikachukua mfuko nikaenda. Nukta alinikuta kwa geti. Akaniuliza wewe ukienda hawa wengine watasoma na nini? Akachukua mfuko wangu akaubeba yeye mwenyewe kurudi nao mpaka bwenini. Mimi nikafikiri ameniombea muda tu. Nikafanya mtihani, nikaenda nyumbani, cheti nikakiacha miaka minne juu najua kuna deni. 2004 nikapata hela kidogo nikaenda nayo, karani akafungua kitabu akaniambia wewe hudaiwi. Alikuwa analipa kidogo kidogo kila mwezi, na aliendelea hata sisi tumeshamaliza. Nikatoka pale nikakaa chini ya ule mwembe mpaka jioni.

Kutoka hapo kila Desemba naenda kwake. Yuko hai, kwao ni Khwisero. Mwili uko na nguvu ila macho yameingia ukungu, gazeti anasomewa na mjukuu, na mjukuu akikimbia anamwambia rudi, hapo kulikuwa na nukta.

Nimempigia sasa hivi nikamwambia kuna kijana anakutafuta, aliandika insha ya mazishi bila nukta. Akanyamaza kidogo. Akauliza, ile ya babu yake?

Ameuliza kama daftari bado uko nalo.

Mluanda_Nakuru

Nimesoma nikiwa kwa gari nikashindwa kujibu.

Karabai nimekutumia namba kwa inbox. Jumamosi natoka Nakuru na gari ya kwanza, tukutane Luanda stejini saa saba tupande pamoja. Box_47 ukiweza toka Kakamega utukute huko. Mimi naleta sukari na majani chai, wewe leta samaki, najua anapenda ngege.

Na umwambie mjukuu apumzike hiyo siku. Insha nitamsomea mimi.