Ndege wa kwenye mawe Mwanza anayeiga sauti za wenzake, ni ndege gani?

Mzawa wa Kimara: Wakuu habari za jioni. Juzikati nilienda Mwanza kwa bamkubwa, nyumba yake iko mlimani kabisa, mawe makubwa mpaka nyuma ya jiko, sasa kila asubuhi kuna ndege anapanda juu ya jiwe anaanza kuimba kama shore, mara anageuka ndege mwingine, mara mwingine tena, unaweza kudhani wako kundi zima kumbe mmoja tu. Mweusi tii, tumbo na kiuno rangi ya kutu, begani doa jeupe, akitua anainua mkia taratibu. Anaitwaje, na huku Dar naweza kupata hata wa kufuga?

Jicho Kali: Huyo kwa jina la kisayansi ni Thamnolaea cinnamomeiventris mkuu, hakuna ubishi. Lenye doa jeupe ni dume, jike ni kijivu iliyokolea ila tumbo lake ni hilohilo la kutu. Huwa wanakaa wawiliwawili, ukimwona mmoja mwenzake hayuko mbali.

Bintiserengeti: Mpole wa sura tu huyo. Nimefanya kazi lodji moja Serengeti imejengwa katikati ya mawe, basi mbayuwayu wanahangaika na tope wanajenga kiota chao chenye kishimo kirefu cha kuingilia, kinaisha tu huyu bwana anakuja anavunja lile bomba la mlangoni, anatandika manyoya ndani, jike anataga. Mwenye nyumba anabaki kupiga kelele nje kama mpangaji aliyetolewa vyombo 😂

Mzawa wa Kimara: Hahaha dah. Ndo maana na jikoni kwa bamkubwa anaingia bila hodi

Jicho Kali: Hawaogopi watu hao, panapokuwa na mawe jirani, hata ukuta wa nyumba ni mwamba vilevile kwake. Anakula wadudu, matunda, na mshubiri ukichanua anafyonza utamu wa maua. Ila Dar sahau, anataka majabali na magenge ya mawe, sisi huku mchanga mtupu. Na kufuga achana nako, kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009, ukikamatwa na ndege wa porini huna kibali hiyo ni kesi.

Bintiserengeti: Mwambie mtu wa kwa bamkubwa arekodi asubuhi atume, utupie klipu hapa tubishane anamuiga nani. Shore mi sina uhakika nae bado